Roboti Inayofungua Biashara za Opsheni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuiwasha



Simu ya mkononi na muunganisho wa intaneti sasa vinamtosha mtu aliyeko Mbeya au Tanga kufungua akaunti kwa dalali wa ng'ambo na kununua mkataba katika soko la Marekani. Pamoja na njia hiyo imekuja huduma nyingine: programu inayofungua biashara yenyewe, bila mwenye akaunti kugusa kitufe. Wanaoitumia huiita roboti. Wanaoiuza huisifu kwamba haichoki, haina woga wala tamaa. Sifa hizo ni za kweli. Lakini programu isiyo na woga haiogopi hata pale ambapo mwenye fedha angepaswa kuogopa, na hasara inayotokea hubebwa na mwenye akaunti peke yake.

Makala hii inaeleza opsheni ni nini, roboti hufanya nini, hasara hutokea wapi, na ni mipaka gani inayopaswa kuwekwa kabla ya kuiwasha. Hatumshauri mtu yeyote aingie katika biashara hii, wala hatumzuii aliyekwisha kuamua. Tunachotaka ni kwamba anayeingia awe anajua anachokubali.

Opsheni ni nini?

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza mali fulani kwa bei iliyokubaliwa, ndani ya muda uliowekwa. Mnunuzi halazimiki kuitumia haki hiyo. Kwa kuipata, humlipa muuzaji ada, na ada hiyo hairudishwi.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu anayetaka kiwanja lakini hajakamilisha fedha anaweza kumlipa mwenye kiwanja kiasi kidogo ili asimuuzie mwingine kwa miezi mitatu, na bei ibaki palepale. Akirudi na fedha, hununua kwa bei ile hata kama viwanja vya jirani vimepanda. Asiporudi, alicholipa hakidaiwi tena. Opsheni ya hisa hufuata mantiki hiyo, isipokuwa kwamba mkataba wenyewe unaweza kuuzwa na kununuliwa sokoni kila siku, na thamani yake hupanda au kushuka kwa haraka.

Soko rasmi la kwanza la opsheni za hisa zenye masharti ya aina moja lilifunguliwa Chicago, Marekani, tarehe 26 Aprili 1973, likiwa na opsheni za kununua hisa za kampuni 16 tu. Opsheni za kuuza ziliongezwa mwaka 1977. Mpaka leo mkataba mmoja wa kawaida katika masoko ya Marekani huhusu hisa 100. Msomaji akumbuke idadi hiyo, kwa kuwa bei inayoonekana kwenye skrini ni ya hisa moja. Opsheni inayoonyesha dola 1 hugharimu dola 100.

Opsheni si miongoni mwa bidhaa alizozoea mwekezaji wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako biashara inayojulikana ni ya hisa na hatifungani. Jijini Nairobi, soko la mikataba inayotokana na hisa lilifunguliwa Julai 2019, likianza na mikataba ya kununua na kuuza kwa tarehe zijazo. Kwa hiyo mtu wa ukanda huu anayetafuta opsheni za hisa kwa kawaida huishia kwa dalali wa nje, chini ya sheria za nchi nyingine. Hilo lina athari kwa haki zake, kama tutakavyoeleza mbele.

Mnunuzi na muuzaji hawabebi mzigo ulio sawa

Kila opsheni ina pande mbili. Mnunuzi hulipa ada, na hasara yake kubwa kabisa ni ada hiyo. Muuzaji hupokea ada, na kwa kuipokea huchukua wajibu: mnunuzi akidai haki yake, muuzaji lazima atimize.

Tuchukue mfano wa hisa inayouzwa kwa dola 50. Mtu anauza opsheni inayompa mwenzake haki ya kumuuzia hisa 100 kwa dola 45 kila moja, kwa muda wa wiki moja, na anapokea ada ya dola 1 kwa hisa, yaani dola 100. Hisa ikibaki juu ya dola 45 hadi mwisho wa wiki, mwenzake hana sababu ya kudai, na dola 100 zimekuwa faida. Hisa ikishuka hadi dola 30, muuzaji atalazimika kuzinunua hisa 100 kwa dola 4,500 ilhali sokoni zina thamani ya dola 3,000. Amepoteza dola 1,500. Ukiondoa ada aliyopokea, hasara halisi ni dola 1,400.

Tumetoa mfano huu kwa sababu roboti nyingi zinazotangazwa kuwa zinaleta kipato cha kila wiki ni roboti zinazouza opsheni. Mteja huona fedha zikiingia katika akaunti siku ileile biashara inapofunguliwa, akadhani amelipwa. Ukweli ni kwamba amepokea malipo ya wajibu ambao bado haujaisha.

Roboti hufanya nini hasa?

Roboti ni orodha ya maagizo yenye umbo la "ikiwa hivi, basi fanya hivi". Ikiwa ni Jumatatu, saa moja baada ya soko kufunguliwa, na bei ya hisa iko juu ya wastani wake wa siku 20, basi uza opsheni moja yenye bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 10. Programu husoma bei kutoka kwa dalali, hupima masharti hayo, na yakitimia hutuma agizo. Hata ile inayosemekana kutumia akili unde, mwisho wa kazi yake ni kutuma agizo kwa dalali kwa jina la mwenye akaunti.

Maagizo kamili yana sehemu nne: kufungua biashara gani, kufungua lini, kufungua kwa kiasi gani, na kutoka lini. Sehemu tatu za kwanza huvutia, nazo ndizo zinazojazwa kwa hamu. Ya nne mara nyingi huachwa wazi, au huachiwa mipangilio ya awali ya aliyetengeneza programu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kufungua biashara ni kazi ya sekunde moja, na programu yoyote inaiweza. Kutoka katika biashara inayoharibika, wakati bei inakimbia na wanunuzi wamepungua, ni kazi ngumu hata kwa watu wenye uzoefu wa miaka mingi.

Kushinda mara nyingi si sawa na kupata faida

Matangazo mengi hutaja idadi ya biashara zilizofanikiwa. "Biashara 9 kati ya 10 huleta faida" ni kauli inayoshawishi, na inaweza hata kuwa ya kweli. Lakini haimwambii mteja jambo analohitaji kujua.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme roboti inauza opsheni ile kila wiki. Kwa wiki 10 mfululizo hisa haishuki chini ya dola 45, na kila wiki inaingia dola 100. Mwenye akaunti ana faida ya dola 1,000, na pengine amekwisha kuwaeleza ndugu na jirani. Katika wiki ya 11 hisa inashuka hadi dola 30, na hasara ni dola 1,400. Roboti hiyo imeshinda mara 10 kati ya 11, na mwenye akaunti amemaliza na upungufu wa dola 400, kabla ya kutoza gharama yoyote.

Wapo pia wanaoongeza kiasi kadiri faida inavyokuja. Aliyeanza na mkataba mmoja na sasa ana mitano, wiki ya 11 itampokonya dola 7,000. Ndiyo sababu tunasema kwamba mfululizo mrefu wa faida ndogo katika kuuza opsheni haupaswi kumtuliza mtu. Unaweza kuwa ni ile ada tu, ikisubiri siku ya wajibu.

Siku za namna hiyo zimekwisha kutokea. Tarehe 5 Februari 2018, kipimo kinachotumiwa nchini Marekani kuonyesha ukubwa wa mabadiliko ya bei yanayotarajiwa sokoni kilipanda kwa zaidi ya maradufu katika siku moja. Waliokuwa wamejizoesha kupata faida ndogondogo kwa kuuza opsheni na bidhaa zinazofanana nazo walipata hasara kubwa ndani ya saa chache. Tarehe 19 Oktoba 1987, kipimo maarufu cha hisa cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Roboti iliyojaribiwa kwa data za miaka michache yenye utulivu haijawahi kukutana na siku kama hizo, na majaribio yake hayawezi kuonyesha itakachofanya.

Gharama ambayo haitajwi

Katika soko la opsheni kuna bei mbili kwa wakati mmoja: ile ambayo wanunuzi wako tayari kulipa, na ile ambayo wauzaji wanataka. Tuseme ya kwanza ni dola 0.90 na ya pili ni dola 1.10. Anayenunua mkataba mmoja mara moja hulipa dola 110. Akiuuza papo hapo, kabla bei haijasogea, hupata dola 90. Amepoteza dola 20, karibu asilimia 18 ya fedha aliyoweka, na hakuna popote palipoandikwa neno "ada".

Mtu anayefanya biashara kwa mkono hulipa pengo hilo mara chache. Roboti inaweza kulilipa mara tano kwa siku. Kwa mfano huo ni dola 100 kwa siku, na kwa siku 20 za soko katika mwezi ni dola 2,000, mbali na kamisheni ya dalali na malipo ya mwezi ya programu yenyewe. Kabla ya kuamini hesabu ya faida, uliza kama imetolewa pengo hili. Hesabu nyingi za matangazo huchukua bei ya katikati, ambayo mteja wa kawaida haipati kila mara.

Roboti hukwama wapi?

Saa. Soko la hisa la Marekani hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni kwa saa za New York. Kwa saa za Afrika Mashariki, hiyo ni saa 10:30 jioni hadi saa 5:00 usiku katika miezi ya kiangazi cha Marekani, na saa 11:30 jioni hadi saa 6:00 usiku katika miezi ya baridi. Marekani husogeza saa zake mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma mwezi Novemba; sisi hatusogezi. Roboti iliyopangwa kwa saa ya hapa itajikuta, baada ya Novemba, inatuma maagizo kabla soko halijafunguliwa, au inaacha kufunga biashara kwa wakati uliokusudiwa. Panga programu kwa saa za New York.

Umeme na mtandao. Roboti inayoendeshwa katika kompyuta ya nyumbani huzimika umeme unapokatika. Biashara iliyofunguliwa haizimiki pamoja nayo. Inabaki sokoni, kwa jina lako, bila msimamizi. Kwa sababu hiyo, agizo la kutoka likiwezekana liwekwe kwa dalali mwenyewe tangu biashara inapofunguliwa, lisisubiri kompyuta iliyo nyumbani.

Siku ya mwisho ya mkataba. Katika masoko ya Marekani, opsheni inayofika siku ya mwisho ikiwa na thamani, hata ya senti moja kwa hisa, kwa kawaida hutekelezwa yenyewe isipokuwa mwenye nayo ametoa maelekezo mengine. Mtu aliyelipa dola 100 kwa opsheni ya kununua kwa dola 55, na hisa ikafunga kwa dola 55.40, anaweza kujikuta anadaiwa dola 5,500 za kununua hisa 100 ambazo hakuzikusudia. Baadhi ya madalali huifunga biashara kabla ya hapo iwapo akaunti haina fedha za kutosha, kwa bei itakayokuwapo sokoni. Tena, opsheni nyingi za hisa za kampuni nchini humo zinaweza kudaiwa siku yoyote kabla ya siku ya mwisho, hivyo muuzaji anaweza kuamka akakuta wajibu umemfikia mapema.

Kosa la programu. Tarehe 1 Agosti 2012, programu yenye kasoro ya kampuni ya udalali ya Knight Capital ya Marekani ilituma mamilioni ya maagizo yasiyokusudiwa katika muda wa dakika 45 hivi. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Hiyo ilikuwa kampuni yenye wahandisi wake na ofisi iliyojaa watu waliokuwa macho. Mwenye akaunti ndogo ambaye roboti yake inafanya kazi usiku akiwa amelala hana ulinzi wa namna hiyo, ila ule alioujenga mwenyewe kabla ya kulala.

Mipaka ya kuweka kabla ya kuiwasha

Kwa anayeamua kutumia roboti, tunashauri afuate hatua hizi kwa utaratibu.

1. Tenga fedha ambayo kupotea kwake hakutagusa chakula, kodi ya nyumba, ada ya shule wala matibabu. Fedha ya mkopo, ya kikoba au ya ndugu isiingie humo.

2. Anza na akaunti ya majaribio isiyo na fedha halisi, na uiache roboti ifanye kazi humo kwa miezi, si siku. Tazama hasa inavyofanya siku ambayo soko limeanguka.

3. Chagua biashara ambayo hasara yake ya juu inajulikana tangu mwanzo. Mnunuzi wa opsheni anaijua: ni ada yake. Anayeuza anaweza kujiwekea kikomo kwa kununua opsheni nyingine iliyo chini zaidi. Katika mfano wetu, aliyeuza opsheni ya dola 45 kwa ada ya dola 1 anaweza kununua ile ya dola 40 kwa dola 0.40. Atabaki na dola 60 badala ya dola 100, lakini hata hisa ikianguka kabisa hasara yake haizidi dola 440. Programu isiyomruhusu mteja kuweka kikomo hicho isitumike kuuza opsheni.

4. Weka kikomo cha kila biashara, cha kila siku, na cha idadi ya biashara zinazoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja. Kikomo cha tatu husahauliwa. Biashara kumi zinazotegemea hisa zinazopanda na kushuka pamoja ni sawa na biashara moja kubwa.

5. Tumia agizo lenye kikomo cha bei, si agizo la kukubali bei yoyote iliyopo. Soko likiwa na wanunuzi wachache, bei iliyopo inaweza kuwa mbali sana na ile uliyoiona.

6. Andika sharti la kutoka kabla ya sharti la kuingia: kwa hasara gani, kwa faida gani, na siku ngapi kabla ya siku ya mwisho ya mkataba. Biashara isiyo na sharti la kutoka isifunguliwe.

7. Jua namna ya kuisimamisha. Fanya zoezi la kuizima roboti na kufunga biashara zote kwa mkono, kupitia simu, kabla haijahitajika. Kumbuka kwamba kuizima roboti hakufungi biashara zilizokwisha kufunguliwa.

8. Linda ufunguo wa akaunti. Madalali wengi hutoa ufunguo maalumu unaoiruhusu programu kutuma maagizo. Hakikisha ufunguo huo hauruhusu kutoa fedha. Usimpe mtu yeyote nywila yako, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

9. Tunza kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wiki linganisha orodha ya roboti na taarifa ya dalali, na hesabu faida au hasara baada ya kuondoa gharama zote, pamoja na malipo ya programu.

Msomaji ataona kwamba hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayofanywa na roboti. Zote ni kazi ya mwenye fedha.

Roboti ambayo haipo

Mpaka hapa tumezungumzia programu halisi inayofanya biashara halisi. Ipo aina ya pili, ambayo ndani yake hakuna roboti wala biashara.

Alama ya kwanza ni jina la opsheni kutumiwa kwa kitu kingine. Zipo zinazoitwa opsheni za jozi, ambazo mteja hubashiri kama bei itapanda au itashuka ndani ya dakika chache: akipatia hulipwa kiasi kilichotajwa, akikosea hupoteza alichoweka. Nyingi huendeshwa na mwenye tovuti mwenyewe, ambaye hufaidika mteja anapokosea. Israel iliipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulizuia isiuzwe kwa wateja wa kawaida kuanzia Julai 2018, na Uingereza ikaweka katazo la kudumu Aprili 2019. Ukiona roboti ya opsheni inayofungua na kufunga biashara kila dakika moja au tano, yamkini ni za aina hiyo.

Alama ya pili ni ahadi ya faida isiyobadilika. Kampuni ya Mirror Trading International ya Afrika Kusini iliwaambia watu waipe bitikoini, na kwamba roboti yake ingefanya biashara ya fedha za kigeni kwa niaba yao. Mwaka 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, CFTC, ilifungua shauri, ikieleza kwamba mwendeshaji wake alipokea angalau bitikoini 29,421 zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7, kutoka kwa watu wasiopungua 23,000 nchini Marekani pekee na wengine zaidi duniani kote. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliamuru mwendeshaji huyo alipe zaidi ya dola bilioni 3.4. Maelfu walikuwa wameona faida zao zikikua kila siku kwenye skrini. Namba za kwenye skrini si fedha mpaka zimefika katika akaunti yako ya benki.

Januari 2024 tume hiyohiyo ilitoa tahadhari kwa umma kwamba akili unde haiwezi kuzigeuza roboti za biashara kuwa mashine za kuzalisha fedha. Tunaiunga mkono tahadhari hiyo, na tunaongeza maswali matatu ya kumuuliza kila anayekuuzia roboti. Fedha yangu itakaa kwa nani, na je, mtu huyo ana leseni ya mamlaka gani? Naweza kutoa fedha yangu yote leo bila kulipa kwanza? Kama roboti hii inaleta faida hiyo, kwa nini unaniuzia? Anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Usikubali jina la leseni kwa maneno. Nchini Tanzania, orodha ya wenye leseni za masoko ya mitaji hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Nchini Kenya, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Dalali wa nje athibitishwe kwa msimamizi wa nchi yake, kupitia tovuti rasmi unayoitafuta mwenyewe, si kiungo ulichotumiwa. Nchini Marekani, dalali halali hamruhusu mteja kuanza biashara ya opsheni kabla ya kumpima na kuiidhinisha akaunti yake, na ni lazima ampe waraka unaoeleza sifa na hatari za opsheni. Dalali asiyekuuliza lolote kuhusu kipato na uzoefu wako amekosa hatua ambayo sheria ya huko inaidai. Kuhamisha fedha kwenda nje nako kuna masharti yake. Iulize benki yako kabla ya kutuma.

Mambo yakiharibika

Roboti ikifanya usilolitarajia, isimamishe kwanza, kisha funga biashara zilizo wazi au zifungiwe na dalali. Futa ufunguo ulioipa programu. Hifadhi taarifa ya akaunti, maagizo yote na mawasiliano, pamoja na tarehe na saa. Usiongeze fedha ili "kuiokoa" biashara, na usiongeze idadi ya mikataba ili kurudisha kilichopotea.

Malalamiko yapelekwe kwa dalali kwa maandishi, na yasipotatuliwa, kwa mamlaka iliyompa leseni. Hapa ndipo tofauti ya sheria inapoonekana: msimamizi wa nchi yetu hana nguvu juu ya dalali ambaye hakumpa leseni, na dalali asiye na leseni popote hana msimamizi wa kumlalamikia. Palipo na dalili za wizi au udanganyifu, toa taarifa polisi, na ijulishe benki au kampuni ya simu uliyotumia kulipa bila kuchelewa, kwa sababu malipo ambayo hayajafika yanaweza kuzuiwa.

Baada ya hasara, anaweza kupiga simu mtu anayejua jina lako na kiasi ulichopoteza, akidai kwamba ni wakili au afisa anayeweza kukirudisha kwa ada ndogo ya kuanzia. Mara nyingi mtu huyo ameipata orodha ya majina kutoka kwa walewale waliokuibia. Hakuna mamlaka ya umma inayotoza ada ya awali ili kurudisha fedha zilizoibwa. Kata simu, na utoe taarifa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika jambo hili tahadhari ina mahali pake mahususi: ni ule muda kati ya kuipakua programu na kuiwasha. Katika muda huo kila mpaka bado unaweza kuwekwa, na kuuweka hakugharimu chochote. Chukua karatasi, andika kiasi cha juu ambacho uko tayari kupoteza kwa mwezi mmoja, kisha mwonyeshe mwenzi wako au mtu mnayechangia naye matumizi ya nyumba. Ikiwa ninyi wawili hamwezi kukubaliana juu ya namba hiyo, roboti isiwashwe.